RIWAYA ZA VIJANA WA MIJI YA KIGENI: TUZISOME AU TUZITUPE?



Ndugu wasomaji, miezi mitatu iliyopita, baada ya sala ya Isha, alinijia mzee mwenzangu, mtu wa msikiti na mtu wa kheri. Mkononi ana kitabu, kakifunga katika gazeti kama mtu aliyebeba kitu cha haramu. Akaniambia, "Sheikh, hiki nimekikuta chini ya mto wa binti yangu. Ni hadithi ya vijana wa Marekani, wavuta sigara na kupigana visu. Shuleni waazimana. Nataka siku ya Ijumaa useme neno, watu wavikusanye vitabu hivi majumbani mwao, wavitie moto."

Nikamuuliza, "Umekisoma, ndugu yangu?"

Akanijibu, "Nimesoma jalada."

Nakiri mbele yenu kwamba ulimi ulikuwa karibu kumjibu ninavyotaka yeye. Mimi ni mtu wa chuo. Nimelelewa kwa msahafu, kwa maulidi na kwa vitabu vya fiqhi, na riwaya za Kizungu nilikuwa nikiziona ni upuzi wa kupoteza wakati. Lakini nikakumbuka kuwa kadhi hahukumu kabla ya kusikiliza mashahidi. Nikamwambia, "Nipe muhula. Nitakisoma hiki na vingine vya namna yake, kisha nitasema. Likiwa ni neno la kuchoma, kiberiti nitaleta mimi."

Muhula umekwisha, na neno lenyewe nimeona nisilisemee msikitini. Ni refu, na linawahusu zaidi watu wa nyumbani: baba, mama, nyanya na vijana wenyewe. Ndiyo sababu ya kuliandika katika kurasa hizi.

Kiingereza changu nilijifunza ukubwani, kwa kamusi na kwa taabu, na lugha ya vijana wa Marekani haimo katika kamusi yangu. Kwa hivyo nilimwita mjukuu wangu, msichana wa sekondari, akawa anisomea barazani kila siku baada ya alasiri, anafasiri, nami nasikiliza. Mara nyingine aliruka mstari, na uso ukambadilika, nikajua hapo pana neno. Namwambia, "Rudi, usome." Akarudi, tukalisoma, tukalizungumza, likapita. Wallahi sikupata kuzungumza na mjukuu wangu mambo ya maana kwa muda mrefu kama nilivyozungumza naye katika wiki zile. Faida hiyo naiweka mbele kabla ya kusema lolote juu ya vitabu vyenyewe.

MIJI YA KIGENI SI MIPYA KWETU

Wako wanaosema, "Kwa nini watoto wetu wasome khabari za miji ya watu? Melbourne yawahusu nini? New York yawahusu nini?"

Suali hili ni zuri, lakini atakayeliuliza na ajiulize nafsi yake kwanza. Sisi tulipokuwa wadogo tulisimuliwa nini? Tulisimuliwa Baghdad ya Harun Rashid, na Basra alikotweka Sindbad, na Abunuwasi na hila zake mbele ya Sultani. Hapana hata mmoja kati ya bibi zetu waliotusimulia aliyepata kuuona mto wa Baghdad. Na katika visa hivyo mna wezi, mna walevi, mna wanawake wenye vitimbi, na kwetu sikumsikia aliyesema Alfu Lela Ulela itiwe moto.

Na kilicho kikubwa kuliko hayo ni kisa cha Nabii Yusuf, alayhi ssalam. Huyo alikuwa kijana. Nduguze walimtia kisimani, akatolewa, akauzwa kwa thamani ndogo, akapelekwa Misri, mji asioujua wala asikojulikana. Huko alifungiwa milango na mke wa bwana wake, akajaribiwa, akashinda, kisha akatiwa gerezani bila ya kosa. Kisa hiki hakikufichwa watoto. Twakisomesha chuoni, na mwanafunzi wa miaka kumi akisoma sura hiyo apita juu ya husuda ya ndugu, na juu ya mwanamke aliyeshikwa na matamanio, na juu ya dhuluma ya wakubwa. Dhambi imetajwa, lakini haikupambwa. Na mwisho wake msomaji anaachwa mahali pema kuliko pale alipoanzia.

Basi mizani yangu niliipata hapo. Kutajwa kwa uovu ndani ya kitabu hakutoshi kukihukumu. Nimetazama umetajwa vipi, gharama yake imeonyeshwa au imefichwa, na msomaji kijana anapokifunga kitabu kaachwa wapi. Kwa mizani hiyo nimepima vitabu vinne.

MAYATIMA WATATU WA TULSA

Cha kwanza ndicho kile kilichofungwa gazetini. Jina lake ni The Outsiders, kimetoka mwaka 1967. Mtungaji ni S. E. Hinton, naye ni mwanamke, tena alikuwa msichana: alianza kukiandika ana miaka 15, akiwa mwanafunzi katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, na kilipochapwa alikuwa ana miaka 18. Jina lake liliandikwa kwa herufi za mwanzo tu ili wahakiki wasikidharau kitabu cha vijana wa kiume kwa sababu kimetungwa na mwanamke.

Kisa ni cha ndugu watatu waliofiwa na baba na mama kwa ajali ya gari. Mkubwa, Darry, ana miaka 20. Ameacha tamaa ya chuo kikuu, anafanya kazi ya sulubu ili nduguze wasichukuliwe na serikali wakatawanywa. Mdogo, Ponyboy, ana miaka 14, naye ndiye msimulizi. Mjini mna makundi mawili: vijana wa mitaa ya maskini, na vijana wa matajiri wenye magari. Wanapigana, na hapana anayeweza kueleza vizuri wanapigania nini.

Usiku mmoja Ponyboy alipitiwa na usingizi nje, akarudi nyumbani usiku mkubwa. Kaka yake alikuwa hajalala kwa khofu. Khofu ile ikageuka hasira, akampiga kofi. Mtoto akatoka mbio. Akaenda na rafiki yake Johnny mpaka bustanini, huko wakakutwa na vijana wa matajiri waliolewa. Ponyboy akatoswa kichwa majini mpaka akazimia, na Johnny, kwa khofu, akatoa kisu akamuua mmoja wao. Tangu hapo ni kukimbia, na kujificha katika kanisa bovu, na kanisa kushika moto, na wale watoro kuingia motoni kuwaokoa watoto wadogo. Johnny anakufa kwa majeraha yake. Rafiki yao mwingine, Dally, kwa uchungu wa kifo hicho, anawanyoshea polisi bastola isiyo na risasi mpaka wanampiga wanamuua.

Mzee mwenzangu alisema kweli: sigara zimo, na visu vimo. Sigara zimo hata zimezidi. Vijana hawa wazivuta kama sisi tunywavyo kahawa, na mtungaji hana neno juu yake. Hilo ni kosa. Tena umri wa mtungaji waonekana: machozi yako karibu mno, na kila jambo latokea kwa kishindo. Wazazi na walimu ni vivuli tu, wapita mbali. Mtu mzima akisoma atachoka mahali.

Lakini wasomaji wangu, litazameni lile kofi. Kaka hakuwa mtu mbaya. Alimpiga kwa mapenzi yaliyokosa njia ya kutokea. Na kwa kofi lile moja mtoto akatoka usiku, na watu watatu wakafa. Nimesoma vitabu vingi vya malezi, vya Kiarabu na vya Kiswahili, na sikuona mahali palipoonyesha gharama ya mkono wa mlezi wazi kama hapa. Mjukuu wangu alipofika hapo alinyamaza, kisha akaniuliza, "Babu, baba anajua jambo hili?" Sikumjibu. Siku ya pili nilikwenda nikazungumza na mwanangu.

Kitabu hiki hakisifu kupigana. Vijana wa maskini washinda vita vyao, na ushindi wenyewe hauna ladha, kwani rafiki yao yu kitandani anakata roho. Kijana akifunga kitabu hiki hatakwenda kutafuta kisu. Atakwenda kumtafuta ndugu yake.

KIJANA WA HARLEM

Cha pili ni Monster, cha mwaka 1999. Mtungaji, Walter Dean Myers, alikuwa Mmarekani mweusi aliyelelewa Harlem, New York, na wazazi waliomlea bila ya kumzaa. Alifariki mwaka 2014. Kitabu hiki kilikuwa cha kwanza kupewa tuzo ya Printz, ambayo Marekani huitoa kwa vitabu vya vijana, nayo ilianza mwaka 2000.

Steve Harmon ana miaka 16. Yuko gerezani, anangojea hukumu ya kuua. Hakushika bastola. Anashitakiwa kwamba aliingia katika duka la dawa kabla ya majambazi, akatazama kama mna polisi, kisha akatoka. Wenziwe wakaingia, mwenye duka akashindana nao, akauawa kwa bastola yake mwenyewe. Na kanuni ya huko ni kwamba aliyeshiriki katika wizi uliosababisha kifo huweza kushitakiwa kwa kuua, hata kama mkono wake haukugusa kitu.

Mtungaji kakiandika kitabu kwa namna ngeni: nusu kama mchezo wa sinema, kwa kuwa Steve hujifunza kazi hiyo shuleni, na nusu kama daftari la siri la gerezani. Mwanzoni namna hii ilinikera. Baadaye nikaifahamu. Katika sinema ile kijana ajionyesha kama anavyotaka watu wamwone. Katika daftari khofu yenyewe yamtoka. Na katika yote mawili hasemi wazi: nilikwenda, au sikwenda. Mahakama yamwachia. Anageuka kumkumbatia wakili wake, na wakili anakakamaa, anajitenga naye. Baba yake naye, aliyelia gerezani mbele yake, anakuwa mbali.

Hapa nilimkataza mjukuu wangu asiendelee kwa muda, tukazungumza. Kwani hili ni suali la dini kabla ya kuwa la riwaya. Mahakama ya watu inaangalia ushahidi, na ushahidi usipotimia mtu hutoka. Lakini iko mahakama nyingine ambayo shahidi wake ni miguu na mikono na macho yaliyochungulia mlangoni. Steve alishinda ile ya kwanza, na kitabu kizima ni kijana anayejitazama katika kioo kwa ajili ya ile ya pili.

Watu wataniambia Harlem ni mbali. Mimi nakaa mji huu, na kila nikitoka alfajiri nawaona vijana wamesimama pembeni mwa vichochoro. Biashara ya unga ilipoingia pwani yetu haikuanza kwa kuwaambia watoto wetu "uza" wala "vuta". Ilianza kwa kuwaambia, "Simama hapo tu. Ukimwona askari, piga mluzi. Pesa hizi hapa." Mtoto aliyeambiwa hivyo yuko mahali pale pale pa Steve Harmon. Nimewasalia jeneza vijana niliowafundisha alifu na be kwa mijiti. Laiti kabla ya siku hiyo ya mluzi angepata mtu wa kumsimulia kisa kama hiki, huenda angeuliza, "Na akifa mtu?"

Upungufu wake ni kwamba maisha ya gerezani yameelezwa kwa ukali, na kwa mtoto wa miaka 12 ni mapema. Kwa wa miaka 16 ni haki yake kukisoma, na khasa mvulana.

HIKI SIKUKIPENDA

Cha tatu ni The Catcher in the Rye, cha J. D. Salinger, cha mwaka 1951. Kilitungwa kwa ajili ya watu wazima, ila vijana wa ulimwengu wamekinyakua wakakifanya chao. Holden, kijana wa miaka 16 wa nyumba ya kitajiri, afukuzwa shule kwa kuanguka masomo manne. Badala ya kwenda kwao azurura New York siku kadha: hoteli, ulevi, uwongo, na mwanamke wa kulipwa aletwa chumbani, ijapokuwa hakumgusa. Na muda wote huo awatukana watu kuwa ni wanafiki.

Nimeambiwa ni kitabu kikubwa. Mimi nakipa haki yake moja: kijana huyu alifiwa na ndugu yake mdogo kwa maradhi ya damu, na hapana mtu mzima aliyekaa naye akamsikiliza. Ukisoma kwa makini utaona maneno yake yote ya ukali yamezungukia kaburi hilo. Na mapenzi yake kwa dada yake mdogo, Phoebe, ni mazuri, ndiyo mahali pekee ambapo kitabu chapumua.

Lakini mtungaji kamtia msomaji ndani ya kichwa cha mgonjwa, akatoka, akafunga mlango. Kijana wetu mwenye huzuni akisoma hiki peke yake, atafundishwa kuwa kumdharau kila mtu ni dalili ya akili. Hiyo ni sumu, na huingia polepole. Sisemi kichomwe. Nasema kisiwe cha kwanza, wala kisisomwe pasi na mkubwa wa kuzungumza naye. Mjukuu wangu hakukubaliana na mimi. Asema yeye alimhurumia Holden, wala hakumwiga. Nimeandika maneno yake hapa kwa kuwa ni haki yake.

BINTI WA MELBOURNE

Cha nne ndicho kilichonikosesha usingizi. Jina lake ni Does My Head Look Big in This?, cha mwaka 2005, na mtungaji ni Randa Abdel-Fattah, Mwislamu wa Australia, baba yake Mfalastina na mama yake Mmisri.

Amal ana miaka 16, anasoma katika shule ya fakhari mjini Melbourne ambako wenziwe si Waislamu. Anaamua kuvaa hijabu siku zote. Baba yake ni daktari na mama yake ni daktari wa meno. Hawakumlazimisha, bali walimwogopea. Kitabu ni khabari za mwaka ule wa shule: macho ya watu barabarani, mwalimu mkuu anayetafuta maneno, na ule msiba wa Bali wa mwezi wa Oktoba 2002, ambapo mabomu yaliua watu 202, na 88 kati yao walikuwa wa Australia. Baada ya hapo mwenziwe wa shule amtaka awaeleze wanafunzi juu ya Uislamu na ugaidi, kana kwamba msichana wa miaka 16 ndiye wakili wa umma mzima. Yuko pia Adam, mvulana anayempenda kwa siri. Siku anapotaka kumbusu, Amal akataa na kumweleza kwa nini. Na yuko jirani, mwanamke mzee wa Kigiriki, aliyemkata mwanawe kwa khitilafu ya dini. Amal ndiye anayemvuta mpaka ampigie simu mwanawe.

Kama kazi ya sanaa, kina aibu zake. Mzaha umezidi. Tena mtungaji aandika huku akiwageukia wasiokuwa Waislamu, awaeleza mambo ambayo sisi twayajua, na mara nyingine watu wake wasimama kuhutubu badala ya kuishi. Na Amal huchelewa kujiondoa karibu na yule mvulana. Mjukuu wangu ndiye aliyeliona hilo kabla yangu.

Lakini ndani yake yumo msichana mwingine, Leila, rafiki wa Amal, wa ukoo wa Kituruki. Leila ni hodari wa masomo, ataka kuwa mwanasheria. Mama yake haoni masomo. Aona mume tu. Awaleta nyumbani wachumba, na kaka wa Leila, anayefanya atakalo usiku na mchana, hapana wa kumuuliza. Mama si adui. Aamini kabisa kuwa hayo ndiyo dini. Hajui kwamba aliyoyashika ni ada ya kijiji, na dini imeyavulia mkono. Mwisho Leila atoroka nyumbani.

Mjukuu wangu alisoma sura hizo upesi upesi. Mimi nilimwambia asimame, kisha nikamwambia leo yatosha. Nitawaeleza sababu.

Zamani, zaidi ya miaka thelathini, alikuwako chuoni kwangu binti mmoja. Alikuwa kahifadhi juzuu kumi, na mwandiko wake wa Kiarabu ulikuwa mzuri kuliko wangu. Shuleni nako alikuwa wa mbele. Alipofika miaka 15 baba yake akamtoa shule, akampa mume. Mimi nilialikwa. Nikavaa joho, nikasoma khutba ya nikaha, nikala biriani, nikapewa bahasha. Walipouliza nani amechukua idhini ya bibi arusi, baba yake alisema, "Mimi ni baba yake," na mimi nikaitikia kwa kichwa. Ngazi za kumfikia zilikuwa kumi na mbili tu. Sikuzipanda.

Najua wanavyuoni watanisahihisha. Katika madh-hab yetu ya Shafi yako maneno marefu juu ya mamlaka ya baba kwa binti yake bikra. Nimeyasomesha. Lakini hapana kitabu hata kimoja nilichosoma kinachosema kumuuliza ni kosa. Vyote vyasema kumuuliza ndilo jambo jema, na Mtume wetu ameagiza bikra atakwe ruhusa. Mimi niliishika ile nusu ya elimu iliyonipunguzia taabu.

Binti yule yupo. Ni mama sasa, na nywele zake zimeanza mvi. Mwaka mmoja alimleta chuoni binti yake mdogo. Akanisalimu kwa adabu, akamkabidhi mtoto, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Maalim, huyu msimuozeshe mpaka amalize." Hakunilaumu. Ingekuwa kheri angenilaumu.

Basi huyo ndiye niliyemwona nilipokuwa nasomewa khabari za Leila wa Melbourne. Mji ni wa kigeni, mama ni Mturuki, lugha ni Kiingereza, na msichana ni yule yule wa mtaa wangu. Na kitabu hiki, pamoja na mzaha wake wote, kilinifanyia jambo ambalo miaka thelathini ya vitabu vyangu vizito haikunifanyia: kilinipandisha ngazi zile kumi na mbili.

JIBU LANGU

Ndugu yangu uliyeniletea kitabu katika gazeti, jibu langu ni hili.

Kwanza, usikichome. Kirudishe mikononi mwa binti yako, na umwombe radhi kwa kupekua mto wake.

Pili, jiulize kwa nini kitabu kilikuwa chini ya mto. Mimi kitabu chenyewe hakikunitisha. Mto ndio ulionitisha. Mtoto anayeficha anachosoma ameshajifunza kuwa nyumbani kwao hapana wa kuzungumza naye. Vijana wote niliowasoma katika vitabu hivi vinne, wa Tulsa, wa Harlem, wa New York na wa Melbourne, msiba wao unapokuwa mkubwa ni pale mlezi wao asipokuwapo, au akiwapo hasikilizi. Amal alikuwa na wazee wa kumsikiliza, naye ndiye aliyevuka salama kuliko wote.

Tatu, soma naye. Kama Kiingereza kinakushinda, akufasirie. Ni zoezi jema kwake, na kwako ni darasa. Mkifika penye neno baya msiliruke. Mtoto atalisikia njiani hata hivyo. Afadhali alisikie ukiwapo wewe.

Nne, angalia umri. Si kila kitabu ni cha kila mtoto. Unga wa uji hupikwa mwepesi kwa mchanga, mzito kwa aliyeota meno. Lakini kitabu kisichofaa miaka 12 huenda kikafaa sana miaka 16, na kukiharamisha milele kwa wote ni uvivu wa mlezi. Tanzania riwaya ya Rosa Mistika, ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa kuwa ilisema wazi yanayompata binti aliyelelewa kwa ukali kisha akaachwa peke yake. Kwa kuizuia, hapana binti aliyeokoka.

Na tano ni neno kwa wenye kalamu. Tulipomaliza kitabu cha mwisho mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, mbona hakuna kitabu cha msichana wa Mombasa?" Nikamtajia Kurwa na Doto cha Muhammed Saleh Farsy, cha mwaka 1960. Akakisoma, akakipenda, kisha akasema, "Lakini hiki ni kijiji cha Unguja, tena ni zama za bibi. Mimi nataka cha sasa." Sikuwa na cha kumpa. Twawalaumu watoto kwa kusoma miji ya watu, na mji wao wenyewe hatukuwaandikia. Nani ameandika khabari za kijana wa Kibokoni aliyeambiwa apige mluzi? Nani ameandika khabari za binti wa Lamu aliyetolewa shule? Wanaojua kuziandika ni hao hao vijana. Yule wa Tulsa alianza ana miaka 15.

Nimemnunulia daftari. Sijui ataandika nini, na nimempa ahadi kwamba sitalifungua mpaka aniletee kwa mkono wake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuongoze katika malezi ya wana wetu, awahifadhi na shari za zama hizi, na atusamehe sisi wazee yale tuliyoyanyamazia.

Wabillahi tawfiq.